Redio ya Mzee Senkondo

Redio ina mdomo, haina sikio.

Methali hii ni ya huku kwetu milimani, Upareni, na hata huku wako vijana wanaoisema bila kujua ilikotoka. Bibi Nakijwa aliisema juzi tu, akiwa barazani na wajukuu zake wakichambua tangawizi ya kupeleka gulioni. Simu ya Nanzia, mjukuu wake wa kwanza, ililia, naye akasoma kwa sauti ujumbe uliokuwa ukizunguka. Ulisema vidonge fulani vya presha vimegundulika kuwa na sumu, anayevimeza aache leo hii, na ukishausoma watumie ndugu zako wote. Bibi Nakijwa anameza vidonge vya presha kila asubuhi. Basi wajukuu wakaanza kubishana, huyu akisema vitupwe, yule akisema visitupwe, kana kwamba mwenye presha hayupo.

Bibi hakuinua macho kwenye tangawizi. Akasema, "Hiyo nayo ni redio tu. Na redio ina mdomo, haina sikio."

Wakamwuliza mbona anaiita simu redio, na maneno hayo ameyatoa wapi. Bibi akacheka. Akasema methali hiyo ilipozaliwa yeye alikuwapo, ila hakumbuki, maana alikuwa bado wa kubebwa. Aliyeizaa alikuwa bibi yake mzaa baba, na aliizaa kwa ajili ya mama yake Bibi, Naetwe. Akawaambia waweke simu chini, mikono iendelee na kazi.

Basi mwanzo wake ulikuwa huu.

Zamani hizo kijiji cha Mkanyeni kilikuwa na redio moja. Ilikuwa ya Mzee Senkondo, ambaye ujana wake aliumalizia unyaparani katika mashamba ya mkonge kule chini, na aliporudi mlimani alirudi na chombo hicho. Kilivalishwa mfuko wa ngozi wenye matundu mbele, na waya wake ulipanda hadi kwenye kenchi za paa, ukatokeza nje kama mkia wa panya. Jioni, kuku wakianza kutafuta pa kulala, watu walikuja uani kwake mmoja mmoja. Wanaume walikaa kwenye magogo, wanawake kwenye majani makavu ya migomba. Kitufe hakikuguswa na mtu ila mwenyewe.

Wapo waliofuata habari, lakini wengi walifuata matangazo ya vifo. Siku zile ndugu yako akifia Tanga au Moshi, redio ilikuambia kabla ya barua. Ulikaa pale huku umeshika tama, ukiomba jina litakalotajwa liwe la ukoo mwingine, na lilipokuwa la ukoo mwingine ulimgeukia mwenye msiba ukamshika mkono. Kwa hiyo jioni zile zilikuwa na hofu yake, lakini zilikuwa na utamu pia. Hakuna aliyelia peke yake katika Mkanyeni.

Taabu ilikuwa mawe. Mawe, ndivyo walivyoziita betri, yalikuwa adimu dukani. Mchana Mzee Senkondo aliyaanika juu ya bati pamoja na mahindi ili yarudishe nguvu, na siku ya mawingu aliyapanga kando ya moto kama viazi. Ili yafike hadi kwenye matangazo ya vifo, aliweka desturi. Redio ikishasoma muhtasari wa habari, vile vichwa vya mwanzo tu, alizima. Ilipokaribia saa ya vifo, aliwasha tena. Mtu akinung'unika kwamba habari imekatwa, mzee alikuwa na jibu lake lililokwishakuwa kama kiitikio cha wimbo.

"Aliyeona kichwa cha ng'ombe hana haja ya kuonyeshwa mkia."

Watu walicheka, na kile kipindi cha kimya wakakijaza wenyewe. Redio ikisema daraja limekatika, wao walijadiliana ni maji ya mto gani, ni lori la nani, na nani alikuwa amelala usingizi kwenye usukani. Kila mmoja alirudi nyumbani na ng'ombe mzima, ila kichwa tu ndicho kilichotoka redioni. Mwili na mkia aliutengeneza mwenyewe, na kesho yake aliuswaga mbele ya watu kama ng'ombe wa kweli.

Naetwe alikuwa miongoni mwa wasikilizaji hao, lakini alikaa pembeni kabisa, karibu na banda la mbuzi. Hakuwa mtu wa maneno. Tangu utotoni alikuwa na kifafa. Siku moja, akiwa msichana mdogo, aliangukia mafiga, na mkono wake wa kushoto ukabaki na kovu lililokunjamana kama ganda la embe lililokauka. Darasa la nne ndilo lililokuwa la mwisho kwake, kwa kuwa watoto walikimbia alipoanguka na mwalimu hakujua la kufanya. Hakutumwa maji. Pale Mkanyeni maji yalikingwa kwenye ndiva, bwawa kubwa la ukoo lililofunguliwa asubuhi ili yateremke mashambani, na mtu mwenye kifafa hakuruhusiwa kuikaribia. Naetwe alikuwa akiwasikia wenzake wakicheka huko ndivani, naye yuko nyumbani anapepeta.

Ukaja mwaka zahanati ilipofunguliwa kule bondeni. Mganga wake, bwana mmoja mrefu aliyeitwa Mdoe, alimpa vidonge vidogo vyeupe na kumwambia ameze kila jioni asikose. Kuanguka kukapungua, kisha kukaisha. Naetwe akaanza kutoka. Akatumwa dukani, akatumwa gulioni, mwishowe akaposwa na Eliamani, kijana mwenye moyo mpole aliyefanya kazi kwenye mkonge na kurudi mlimani kila mwezi. Wakampata Nakijwa.

Mama yake Eliamani alikuwa mwanamke mkavu, asiyesifu. Lakini yeye ndiye aliyemwachia Naetwe jiko. Hakusema kitu, alimkabidhi tu mwiko siku moja asubuhi akaenda zake shambani. Na yeye ndiye aliyemtuma ndivani kwa mara ya kwanza maishani mwake, mtoto akiwa mgongoni. Naetwe alisimama pale ukingoni akitazama maji kwa muda, mpaka wanawake wengine wakamtania kwamba anajiangalia uzuri. Siku hiyo alirudi na ndoo imejaa na nguo zimeloa, naye anacheka. Kwake yeye kubeba mtoto, kupika na kuchota maji hakukuwa kazi. Ulikuwa utu wake.

Sasa jioni moja watu wako uani kama kawaida, na Nakijwa amelala mgongoni kwa mama yake. Redio ikasoma muhtasari. Ikasema bei ya kahawa, ikasema mgeni wa taifa, kisha ikasema: vidonge vya kifafa vyazuiwa baada ya kubainika kuwa vinadhuru wagonjwa. Mzee Senkondo akanyosha mkono, akazima.

Ua mzima ukageuka kumtazama Naetwe.

Alitamani ardhi ipasuke. Alihisi pumzi za mtoto shingoni, na ule uzito wake wa usingizi. Kisha wote wakasema pamoja. Ng'ombe akaanza kuumbwa. Mmoja alisema vidonge hivyo hukausha damu. Mwingine alisema alijua tangu zamani, kitu kinachomzuia mtu kuanguka lazima kiwe kinamfunga mishipa. Mzee mmoja akasema huko Same mtu amekwisha kufa, ingawa hakuweza kusema ni nani wala alisikia kwa nani. Kisha Mama Mkunde, jirani yao, akamgeukia kwa huruma ya kweli kabisa.

"Mama Nakijwa, wewe unanyonyesha. Unachomeza wewe, mtoto anakinywa."

Maneno hayo yalimwingia kuliko yote ya redioni. Alikuwa amevifunga vidonge vyake kwenye ncha ya kanga, kama kawaida, ili akifika nyumbani ameze. Alipofika alifungua fundo, akakitazama kile kidonge kidogo kwenye kiganja, akamtazama mtoto. Akalifunga fundo tena. Mama mkwe alimwona.

Tangu hapo Naetwe alianza kutafuta. Hakuwa mtu wa kuulizauliza, lakini hofu ya mtoto humtoa mtu ndani ya nyumba. Alikwenda dukani, kwa kuwa alisikia gazeti limeandika habari ile. Gazeti lilikuwapo kweli, ila mwenye duka alikuwa ameshaanza kufungia chumvi. Akampa kipande. Naetwe akakisoma kwa taratibu, kidole chini ya kila neno, akafika mahali paliposema "wagonjwa wanaotumia dawa hizo wanashauriwa", na hapo karatasi ikawa imechanwa. Nusu ya pili ilikwisha kwenda na chumvi ya mtu.

Akaenda kwa mwinjilisti. Huyu akamwombea vizuri, akasema ya vidonge hayajui. Akaenda kwa mzee wa mitishamba, naye akafurahi kumwona, akampa mizizi ya kuchemsha. Mama Mkunde alikuja kila siku na habari mpya, leo vidonge vinaleta utasa, kesho vinapofusha. Kila mmoja alimwambia. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza, wewe una hali gani.

Kwa nini hakwenda zahanati? Lilimjia wazo hilo, akalitamka mbele ya Mama Mkunde. Mama Mkunde akamshangaa. "Aliyekupa ndiye unayetaka kwenda kumwuliza kama alichokupa ni sumu? Atakwambia ndiyo?" Naetwe akaona ni kweli. Tena aliona haya. Yule mganga alikuwa amemtendea wema, atamwingiaje na neno kama hilo mdomoni?

Asubuhi moja alikuwa jikoni na chungu cha makande kimetokota. Nakijwa alikuwa mgongoni. Ghafla akasikia harufu ya manyoya ya kuku yanayoungua. Hakukuwa na kuku. Harufu hiyo aliifahamu tangu utoto, ilikuwa ndiyo mbiu ya ule ugonjwa, na hakuwa ameisikia tangu kabla hajaolewa. Alifungua kanga upesi. Alimshusha mtoto, akamlaza kwenye mkeka mbali na moto, akapiga hatua kuelekea mlangoni. Hakufika.

Alipozinduka alikuwa amelazwa kwa ubavu uani, kichwa juu ya kanga iliyokunjwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kando yake na mtoto mapajani. Kinywa cha Naetwe kilikuwa na ladha ya damu. Jambo la kwanza alilotazama ni miguu ya mtoto, kama ina majeraha. Haikuwa nayo.

Mama mkwe alisema kwa sauti ya kawaida, bila hasira, "Mtoto atakaa kwangu. Nitakuletea anyonye, kisha nitamchukua."

Hakukosea, na hilo ndilo lililouma. Angemkemea, Naetwe angepata pa kukasirikia. Mwiko ukaondoka mikononi mwake siku hiyohiyo. Asubuhi iliyofuata wanawake walipita na ndoo zao kwenda ndivani, hakuna aliyemwita. Alikaa anapepeta, kanga yake imening'inia mgongoni tupu. Usiku aliisikia sauti ya mtoto chumba cha pili, matiti yakamjaa, akangoja mpaka aletewe.

Basi akajiambia kwamba habari hii ilitoka redioni, na redioni ndiko jibu liliko. Jioni ile alikwenda mapema kwa Mzee Senkondo, na safari hii hakukaa kule karibu na banda la mbuzi. Alikaa mbele, karibu na redio, mikono imefumbatwa. Mama mkwe alikuja nyuma yake na mtoto, akakaa na wanawake wenzake.

Redio ikasoma muhtasari. Ikasema pamba, ikasema mkutano wa mawaziri, ikasema mpira. Vidonge haikuvitaja. Mzee Senkondo akanyosha mkono kuelekea kitufe.

"Subiri kidogo, mzee," Naetwe akasema.

Watu walidhani wamesikia vibaya. Mkono wa mzee ukabaki hewani. Naetwe alikuwa amesimama, na hakuwa anamtazama mzee, alikuwa anaitazama redio, yale matundu yake ya mbele, kama mtu anavyotazama uso wa mtu mkubwa.

"Na mimi ninayenyonyesha?" akaiuliza. "Mlisema vinadhuru, nikaacha. Nimeacha, nimeanguka. Nikimeza ninamdhuru mtoto, nisipomeza nitamwangusha motoni. Sasa nifanye nini?"

Redio ikaendelea na pamba. Ikasema wakulima wanahimizwa kung'oa masalia mapema. Naetwe akangoja, kweli kabisa alingoja. Kijana mmoja kwenye magogo akaangua kicheko, mwingine akamfuata, na Mzee Senkondo akasema, si kwa ubaya, "Mama Nakijwa, hiyo haiulizwi. Hiyo inasema."

Ndipo mama yake Eliamani aliposimama. Alimweka mtoto begani, akapita katikati ya watu mpaka alipokuwa bega kwa bega na mkwewe. Kicheko kikakatika.

"Mzee Senkondo," alisema, "kumbe chombo chako kina mdomo, hakina sikio. Na sisi tumekizunguka jioni zote hizi kama vifaranga. Mwanangu amefungua kinywa leo kwa mara ya kwanza hapa uani, na amejibiwa pamba."

 Akamshika Naetwe mkono, ule wenye kovu.

"Twende nyumbani, mwanangu. Asubuhi tutakwenda kwenye sikio."

Naetwe hakuwahi kuitwa hivyo na mama mkwe, mwanangu, na tena mbele ya watu. Alitembea njia nzima analia polepole, na mama mkwe akajifanya hasikii.

Asubuhi waliteremka bondeni na ukungu. Njia ilikuwa na utelezi, mama mkwe akatangulia na mtoto mgongoni, akishika matawi. Zahanati ilikuwa wazi na benchi la wagonjwa lilikuwa tupu. Mganga Mdoe alikuwa amekaa mlangoni, akatoka nje kuwapokea kama mtu aliyepata wageni baada ya masika. Mama mkwe alipotaka kuanza kueleza, mganga alimwomba radhi, akamgeukia Naetwe.

"Wewe ndiye mwenye ugonjwa. Umesikia nini, na imekuwaje tangu uliposikia?"

Kisha akanyamaza. Hicho ndicho Naetwe alichokikumbuka hata uzeeni, kwamba yule bwana alinyamaza. Hakumkatiza, hakutazama pengine. Naetwe alianza kwa kunong'ona, akasema ya redio, ya gazeti la chumvi, ya mizizi ya kuchemsha, ya harufu ya manyoya. Akasema hata lile alilolionea haya, kwamba alidhani pengine yeye mganga amempa sumu. Hakujua kama ndani yake mna maneno mengi kiasi kile. Mganga akauliza mtoto ananyonya vizuri? Analala kupita kiasi? Akiamshwa anachangamka? Akamchukua Nakijwa, akamtekenya, Nakijwa akamvuta masharubu. Mganga akasema huyu hana sumu.

Halafu ndipo akaeleza. Habari ile ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na mwendelezo. Kiwanda kimoja cha ng'ambo kilitengeneza makopo machache yenye vidonge vikali kuliko kipimo, nayo yalikuwa na alama yake. Hayo ndiyo yaliyozuiwa. Pale Mkanyeni hayakufika, yeye mwenyewe alikagua kopo baada ya kopo. Na redio ilisema, tena ilirudia, kwamba mgonjwa asiache dawa yake ghafla, kwa sababu kuacha ghafla huurudisha ugonjwa kwa nguvu, bali aende alikopewa akaulize. Naetwe aendelee na kipimo chake kilekile, aendelee kunyonyesha, na akiona mtoto anasinzia isivyo kawaida amlete siku hiyohiyo.

"Kwa hiyo dawa yetu ilikuwa mkiani," akasema mama mkwe.

Mganga hakuelewa mkia gani. Wakamweleza habari ya mawe, na desturi ya Mzee Senkondo, na kichwa cha ng'ombe. Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kisha kicheko kikamwisha, akatazama lile benchi tupu la nje.

"Nilikuwa nashangaa watu wangu wamekwenda wapi," alisema. "Mimi habari yote niliisikia, mpaka mkia. Nikakaa hapa nikisema watakuja kuuliza. Kama redio haina sikio, mimi ninalo, nikalifungia ndani."

Akafunga zahanati, akachukua fimbo yake, akapanda mlima pamoja nao. Njiani aliingia kila nyumba aliyojua ina mtu wa vidonge.

Jioni ile uani kwa Mzee Senkondo hapakuwa na pa kuweka mguu. Mganga alikalishwa kwenye kiti cha wageni, karibu na redio. Muhtasari ukasomwa. Mzee Senkondo akanyosha mkono kwa mazoea, na mama yake Eliamani akakohoa.

"Leo tuonyeshe na mkia, mzee. Juzi ulibaki nao mfukoni, nusura umwue mkwe wangu."

Mzee aliutazama mkono wake, bado uko hewani. Hakuwa mtu mbaya, na alimpenda Naetwe kama wote walivyompenda, kwa mbali. Hakusema samahani, watu wa makamo yake hawakuwa na mazoea hayo. Alirudisha mkono wake, akauficha chini ya kwapa, akaiacha redio iseme. Ikasema habari yote mpaka mwisho, watu wakisikiliza kimya mambo ambayo hawakujua kwamba yalikuwapo siku zote. Kisha sauti ikaanza kunywea. Ikawa nyembamba kama ya mbu, ikakoroma, ikafa kabla ya matangazo ya vifo.

Hakuna aliyeondoka. Mzee mmoja, yule aliyesema mtu kafa huko Same, akajikohoza, akamwuliza mganga kama ni kweli sindano inaweza kuvunjikia ndani. Mama Mkunde akauliza habari ya mguu wake unaovimba. Kijana aliyecheka jana yake akataka kujua kama kifafa kinaambukiza kwa povu, na mganga akasema hapana, akaeleza namna ya kumlaza mtu ubavu na kumwondoa karibu na moto, na kutomtia kitu mdomoni. Naetwe akasikia mambo yake yakisemwa mbele ya watu wote bila aibu, na watu wakiitikia kwa kichwa. Waliketi pale mpaka mbuzi wakalala, na wazee waliokuwapo husema kwamba hapakuwahi kuwa na jioni nzuri kama ile ambayo redio ilikufa.

Naetwe akarudia vidonge vyake. Alivimeza kila jioni mbele ya mama mkwe, na mama mkwe aliangalia. Wakakaa hivyo. Ile harufu haikurudi. Msimu ukageuka, maharage yakatoa maua. Naetwe hakuomba apewe mtoto, na mama mkwe hakuahidi.

Asubuhi moja wanawake walikuwa wanapita na ndoo, wanacheka. Naetwe alikuwa anapepeta. Mama mkwe akatoka ndani na Nakijwa mkononi, akasimama nyuma yake.

"Geuka," akamwambia. "Inama kidogo."

Akamweka mtoto mgongoni kwa mama yake, akamzungushia kanga, akaivuta na kufunga fundo kifuani. Akalijaribu kwa vidole viwili, akaona halitoshi, akalifungua, akalifunga upya. Kisha akamkabidhi ndoo.

"Wenzako wanakuacha," alisema, akaingia ndani.

Hapo Bibi Nakijwa akanyamaza, mikono yake imetulia ndani ya tangawizi. Alisema yeye hakumbuki kitu, alikuwa mtoto wa kubebwa. Ila kuna nyakati, anapokuwa karibu na usingizi, hukumbuka jambo ambalo huenda ni ndoto tu: mgongo wenye joto unaoteremka mlima, maji yanayong'aa chini, na mtu anayecheka.

Nanzia alikuwa ameshika simu yake. Wakati bibi akisimulia alikuwa amemjibu yule aliyetuma ujumbe. Alikuwa ameandika, bibi yangu anavimeza na presha yake iko juu, afanye nini? Simu ikalia. Wote wakainama kutazama. Ulikuwa ujumbe mwingine kutoka palepale, unatangaza vifaranga vinauzwa.

Bibi Nakijwa akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akajifuta kwa ncha ya kanga, ile yenye fundo la vidonge vyake, akamwambia Nanzia amtafutie viatu.

"Nisindikize zahanati kabla hawajafunga. Nina swali la kuuliza, na hapa barazani hakuna wa kulijibu. Redio ina mdomo, mjukuu wangu. Haina sikio."